Shift mara tano, nikarudi uwanjani

KIPA akiumia mkono, benchi la ufundi halina muda wa kulia naye. Kipa wa akiba anavua koti, anavaa glovu, refa anapuliza filimbi, mpira unaendelea. Nilikuwa nalijua hilo tangu naanza kudaka kwenye viwanja vya mchanga pale Kilwa Masoko, maana mimi mwenyewe niliwahi kupata namba kwa mwenzangu kuteguka kidole. Sikuwa jina la kutisha. Kombe la mbuzi, mechi za Idi, safari za kwenda kucheza Kivinje ambako mkishinda lazima mrudi mnakimbizwa. Basi.

Mwaka 2016 ikawa zamu yangu. Bodaboda, usiku, barabara ya kutoka Nangurukuru kuja Masoko, mbuzi wawili wamelala katikati ya lami. Dereva alichubuka magoti. Mimi niliangukia bega la kulia huku shingo ikivutwa upande wa pili, na mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi ikachanika. Daktari aliniambia ajali za pikipiki zinafanya sana hivyo. Mfupa unaunga, lakini mishipa ile ikishachanika hairudi kirahisi. Mkono wangu wa kulia upo mpaka leo. Una kovu, una vidole vitano, ila haufanyi kitu.

Pole nimeshapewa za kutosha. Ninachotaka kusimulia ni kilichofuata, kwa sababu kinawagusa watu wengi wa huku pwani ya Lindi wanaoupenda mpira kama ninavyoupenda mimi, na wamebakiwa na mkono mmoja au nusu yake.

MWANDISHI MMOJA, MANENO YA MWINGINE

Kabla ya ajali nilikuwa nimeshaanza kuwatumia wahariri matokeo na habari fupi za mechi za huku. Mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa habari iliyotoka. Habari isiyofika mezani kabla ya saa 2 usiku haina bei hata kama ina bao la dakika ya 90, kwa sababu ukurasa umeshafungwa na nafasi yako amepewa mtu wa Mbeya au Mwanza.

Baada ya kutoka hospitali nikamfanya mpwa wangu kuwa mkono wangu. Mimi nasema, yeye anachapa. Kijana mwepesi, ana vidole vya haraka, adabu yake haina tatizo. Tatizo lake ni Yanga. Kuna siku nilimwambia andika, 'Yanga ilizidiwa kila idara.' Kesho yake nafungua gazeti nakuta imeandikwa kwamba Yanga 'ilibanwa kiasi'. Namuuliza, ananijibu kwa upole kabisa, "Mjomba, nilirekebisha lugha tu."

Tulicheka, lakini nilikaa nalo. Jina lililo juu ya habari ni langu na maneno ni ya mtu mwingine. Halafu kulikuwa na siku ambazo yupo shule, siku ambazo anaumwa, siku ambazo ametoka na wenzake na mimi nimekaa na mechi nzima kichwani, saa inakwenda, sina wa kunichapia. Nilipoteza habari nyingi namna hiyo. Nilianza kukwepa hata kwenda uwanjani, maana ya nini kuangalia mechi usiyoweza kuiandika?

Nikaanza kuchapa mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Msomaji mwenye mikono miwili anaweza kudhani kazi ni kutafuta herufi tu. Herufi si kazi. Hata herufi kubwa zina njia: unabonyeza Caps Lock, unaandika N ya Namungo, unabonyeza tena. Kazi ni vile vitu vinavyotaka vidole viwili kwa wakati mmoja. Alama za kunukuu zinataka Shift, alama ya kuuliza Shift, nukta mbili Shift, mabano Shift. Habari ya michezo bila nukuu ya kocha ni nini? Na kocha wa Kitanzania akishafungwa ana maneno mengi.

Mkono mmoja unaweza kutanuka, ndiyo. Kidole kidogo huku, cha kati kule, kama kipa anayefuata mpira wa kona ya juu. Ukifanya hivyo mara mbili tatu si neno. Ukifanya mara mia katika habari moja, siku nne kwa wiki, kifundo kinaanza kuwaka. Niliporudi kwa daktari nikiwa na maumivu ya mkono wa kushoto hakunipa dawa nyingi. Aliushika, akaugeuza, akasema, "Ndugu yangu, huu ndio uliobaki." Usiku ule sikulala.

KIDUDE KINACHOSUMBUA WATU WA GEMU

Ilikuwa steshenari moja ya Masoko, ya kutoa kopi na kuchapa barua za maombi ya kazi. Kompyuta tatu za mtumba. Mimi kila mara nilikuwa naangukia ile ambayo kitufe cha Shift cha kulia kilishang'oka. Siku hiyo nilikuwa na nukuu ndefu ya kocha na dakika chache. Nashika Shift ya kushoto, natanua kidole kuifuata alama ya kunukuu iliyoko mwisho kabisa wa kulia, haifiki. Tena, haifiki. Kwa hasira nikaanza kukigongagonga kile kitufe cha Shift kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mdeni wake.

Kompyuta ikalia. Kikatokea kidirisha chenye maneno ya Kiingereza.

Kijana wa steshenari akageuka. "Kaka, achana nacho hicho. Bonyeza No. Kinawasumbua sana watu wa gemu."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kusoma. Kinauliza kama nataka kuwasha kitu kinachoitwa Sticky Keys, yaani vitufe vinavyonata. Nikabonyeza Yes, kwa ubishi tu. Halafu nikagusa Shift, nikaiachia. Nikainua mkono wote, nikaupeleka taratibu upande wa kulia, nikagusa ile alama. Ikaandikika. Alama ya kunukuu, safi kabisa, kwa kidole kimoja.

Nikafuta, nikarudia. Ikakubali tena. Kijana akaniuliza kama naumwa.

Namna kinavyofanya kazi ni hii. Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo kwenye kompyuta ya Windows, na ukakubali, kompyuta inaacha kukudai ushike vitufe viwili kwa pamoja. Unagusa Shift, inakusubiri, unagusa kinachofuata. Ni hivyo hivyo kwa Ctrl na Alt. Ile Ctrl, Alt na Delete ambayo kompyuta za ofisini zinaipenda asubuhi, unaibonyeza kimoja kimoja kama unahesabu pesa. Ukigusa Shift mara mbili inajifunga na kubaki imeshikwa mpaka uiguse tena. Kuna mtego mmoja ulionitesa wiki nzima: kwa kawaida mtu yeyote akishika vitufe viwili kwa pamoja, Sticky Keys inajizima yenyewe, ikidhani mwenye mikono miwili amerudi kazini. Kwenye kompyuta ya steshenari wanapishana watu ishirini kwa siku, kwa hiyo kila nikifika nakuta imezimwa. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, na kuondoa tiki kwenye mstari unaosema hivyo.

Baadaye nilisoma kwamba chanzo chake ni wataalamu wa Kituo cha Trace, Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Marekani, walioanza kutengeneza vitu hivi miaka ya 1980, na kwamba vimo ndani ya Windows tangu toleo la 1995. Elfu moja mia tisa tisini na tano! Nilikuwa bado najifunza kusoma. Maana yake kila kompyuta niliyoigusa baada ya ajali, kila moja, ilikuwa nacho. Miaka miwili natesa kifundo changu na dawa imo ndani ya kitufe kile kile ninachokitukana. Hakuna aliyeniambia, wala sina wa kumlaumu, kwa sababu waliokuwa wanakijua walikuwa wanakijua kama kero.

SHERIA IBADILIKE, MPIRA UCHEZWE

Mwishoni mwa mwaka 2021 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Afrika la soka la watu waliokatwa viungo, na timu yetu, Tembo Warriors, ikapata tiketi ya Kombe la Dunia la Istanbul, Uturuki. Oktoba 2022 vijana walifika robo fainali. Wengi walishangilia matokeo, na walistahili. Mimi nilikuwa nasoma sheria.

Wachezaji saba kila upande. Wa ndani wana mguu mmoja na magongo mawili. Kipindi ni dakika 25. Hakuna kuotea na hakuna kuteleza chini kumkaba mtu. Mpira ukiguswa na gongo kwa makusudi ni sawa na kunawa. Na kipa, hapa ndipo niliposoma mara mbili, kipa ni mtu mwenye mkono mmoja, na haruhusiwi kutoka nje ya eneo lake.

Waliokaa kuandika sheria hizo hawakumwambia mtu wa magongo ajitahidi kukimbia kama wenye miguu miwili. Waliugeuza mchezo ukamfuata, halafu wakamwachia yeye kazi ya kufunga mabao, na mabao yanapatikana na rafu zinachezwa na refa anazomewa kama kawaida. Sticky Keys ni sheria ya namna hiyo kwa kibodi. Aliyeunda kibodi alidhani sote tuna mikono miwili, akaja mwingine akaandika sheria ya pembeni.

Rafiki zangu walinitania niende nikajaribu kudaka. Umri umekwenda, na tumbo nalo limekuja.

'NA MUNGU AMESHINDA NYUMBANI'

Nisiifanye ionekane kitufe kimoja kilimaliza mambo yote. Nilijaribu vingi na vingine nikavitupa.

Kuna Mouse Keys, inayokuwezesha kusukuma mshale wa kompyuta kwa namba za upande wa kulia wa kibodi badala ya mausi. Nzuri kwa mtu ambaye mkono unamtetemeka. Lakini njia yake ya mkato inataka Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, na Num Lock iko mwisho wa kulia. Aliyeipanga hiyo nina hakika alikuwa na mikono miwili na chai mezani. Isitoshe laptopu ndogo nyingi za mtumba hazina hata hizo namba za pembeni.

Kuna mpangilio wa herufi wa Dvorak kwa ajili ya mkono mmoja. Historia yake ilinivuta: August Dvorak aliutengeneza baada ya Vita Kuu ya Pili, na anatajwa Kanali Robert Allen, mwandishi wa habari wa Marekani aliyepoteza mkono wa kulia vitani. Mwandishi, mkono wa kulia, nikaona huyu ni ndugu yangu kabisa. Umo kwenye Windows, wa kushoto na wa kulia. Nilikaa nao siku tatu. Kila kitufe kinaandika kitu tofauti na kilichochorwa juu yake, na kwenye kompyuta ya watu wote nikisahau kuurudisha, anayefuata anaandika barua ya maombi ya kazi ikatoka kama uganga. Mwenye kompyuta yake na muda wa kujifunza, aujaribu. Mimi nilishindwa.

Kisha kuna simu. Tangu 2017 Google iliingiza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti: unabonyeza kipaza sauti kwenye kibodi ya simu, unaongea, maneno yanaandikika. Kwa mtu wa mkono mmoja hiyo ni kama kupewa penalti. Ila penalti nayo inakoswa. Mara ya kwanza nilikaa nyuma ya jukwaa nikatamka vizuri kabisa, 'Namungo imeshinda nyumbani.' Simu ikaandika, 'Na Mungu ameshinda nyumbani.' Nikatuma bila kusoma. Mhariri alinipigia akauliza kama nimehamia dawati la dini.

Nimejifunza kuishi nayo. Inanielewa zaidi nikiongea kama mtangazaji wa redio kuliko nikiongea kama mtu wa Kilwa aliyekaa barazani. Kelele za vuvuzela zinaichanganya. Nukta na mkato napachika mwenyewe. Majina ya watu usiiachie kabisa. Msimu wa 2021/22 Yanga walikuwa na Mrundi Saido Ntibazonkiza, na ninaomba niseme kwa niaba ya waandishi wote wa mkono mmoja kwamba Clatous Chama alikuwa na ubinadamu zaidi: herufi tano, kazi imeisha. Ntibazonkiza nilimtafutia dawa kwenye programu ya Word, kwenye ile sehemu ya kujisahihisha maneno. Niliiambia kila nikiandika ntb iweke jina lote. Nikafanya hivyo kwa nmg, kwa majina ya viwanja, kwa sentensi nzima kama 'mpaka mwamuzi anapuliza kipyenga cha mwisho'. Sehemu hiyo haikutengenezwa kwa ajili yetu, iliwekwa kurekebisha makosa ya watu wenye haraka, lakini imeniokolea kifundo kuliko dawa yoyote ya kuchua.

Novemba 2021 Namungo ilitoka sare ya 1-1 na Yanga pale Uwanja wa Ilulu, Lindi mjini. Uwanja ulikuwa umejaa na wenzangu kutoka Dar walikuwa wamekaa mstari mmoja na laptopu zao, vidole kumi kumi. Nilikaa mwisho wa mstari, nikaweka laptopu juu ya mapaja, nikagusa Shift mara tano. Ikalia. Jirani yangu akaniangalia kwa huruma, akidhani mashine imegoma. Utangulizi nilishauongea kwenye simu wakati wa mapumziko. Mwili wa habari nilichapa. Nukuu za makocha niliziandika moja moja na alama zake zote, nikatuma kabla ya saa 2, na habari ikatoka kama nilivyoiandika, neno kwa neno. Mpwa wangu alipoisoma alinuna. "Mjomba, mbona umetuandika vile?"

WA MKONO MMOJA NA WASIO NAO

Wapo walio mbali zaidi yangu. Steve Gleason alicheza mpira wa miguu wa Kimarekani katika timu ya New Orleans Saints, na mwaka 2011 aligundulika na ugonjwa unaoua misuli kidogo kidogo, mikono, miguu, mpaka sauti. Anaandika kwa macho. Kamera inafuata anapoangalia kwenye skrini, herufi inachaguliwa. Mwaka 2017 Microsoft iliweka uwezo huo ndani ya Windows 10, na Gleason ni mmoja wa waliousukuma ufike huko. Kifaa cha kusoma macho kinauzwa peke yake na si bei ya huku kwetu. Lakini simu nyingi za Android, tangu 2021, zinaweza kutumia kamera yake ya mbele kufuata ishara za uso: unainua nyusi, unafungua mdomo, unatabasamu, kila ishara inafanya kazi ya kitufe kimoja. Hiyo haiuzwi.

Kuna mtu mmoja wa Kivinje, ameniruhusu niandike habari zake bila jina. Ujanani alivua kwa baruti. Watu wa pwani hii tunajua hadithi hizo zinavyoisha: utambi unakuwa mfupi kuliko ulivyodhani. Mkono wa kushoto uliishia kwenye kiwiko, wa kulia umebaki na vidole vitatu. Mpira haukumtoka. Ni katibu wa timu, anajua cheti cha kuzaliwa cha kila mchezaji kilipo kuliko mama zao.

Zamani ukatibu ulikuwa daftari na muhuri. Siku hizi usajili unapita mtandaoni, na viongozi wenzake walianza kusema kwa chinichini kwamba timu inahitaji katibu 'anayeweza kompyuta'. Alikuwa akilipia steshenari wamchapie, kwa ukurasa, kutoka mfukoni mwake. Alipojaribu mwenyewe vidole vyake vinakawia juu ya kitufe, Saidi anatoka Saaaaidiii, mfumo unamkataa. Alinifuata akiwa ameshaamua kuachia nafasi.

Huyo Sticky Keys peke yake haikumtosha. Tuliwasha na Filter Keys, ambayo inaiambia kompyuta isihesabu kitufe kilichogandamizwa kwa muda mrefu kama herufi nyingi. Unaiwasha kwa kushikilia Shift ya kulia sekunde nane. Kwa Shift ile iliyong'oka tulibidi tuingie kupitia mipangilio. Kijana wa steshenari, yule yule wa 'bonyeza No', alikaa pembeni yetu jioni nzima akirekebisha muda wa kusubiri, mara ndefu mno, mara fupi mno, mpaka Saidi akatoka Saidi. Mwisho akabandika karatasi juu ya kompyuta hiyo moja: USIZIME, INA WENYEWE. Kibodi mpya bado hajanunua. Nimemwambia ile asilimia mbili ya mikopo ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu ingeweza kuwapa wenzetu kompyuta yao wenyewe badala ya kila kikundi kuombea pikipiki, naye anasema niandike barua. Nitaiandika.

Siku ya mwisho ya usajili nilipita pale usiku. Katibu alikuwa bado kwenye kiti, wachezaji ishirini na wawili wameshaingia, wawili wamebaki, na mwenye duka anapiga miayo. Nikamuuliza kama anataka nimsaidie hao wawili. Akatikisa kichwa bila kuniangalia. Alikuwa kwenye kipa wa akiba, anatafuta alama ya nukta mbili. Akagusa Shift kwa kidole cha kati, akakiinua, akakipeleka.